Ozoni ya mlimani: jiji linachafua, msitu unalipa

Crestline ni mji mdogo kwenye ukingo wa milima ya San Bernardino, kusini mwa California, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Una misonobari, ziwa dogo na nyumba za mbao ambako watu wa Los Angeles hupanda kupumzika wikendi. Kiwanda hakuna, bandari hakuna, wala foleni ya magari ya kutajika. Hata hivyo, kwa miongo mingi kituo cha kupima hewa kilichopo hapo kimekuwa miongoni mwa vile vinavyopata ozoni nyingi kuliko karibu popote Marekani. Mara nyingi kinaipita hata katikati ya Los Angeles yenyewe, kwenye mamilioni ya magari.

Crestline haiko peke yake. Mwaka 2018 wachumi watatu, David Keiser, Gabriel Lade na Ivan Rudik, walichapisha ulinganisho wa hifadhi za taifa 33 za Marekani na majiji makubwa 20 ya nchi hiyo, kuanzia 1990 hadi 2014. Wastani wa ozoni hifadhini ulikaribiana sana na wa majijini. Mtu anafunga safari ya mamia ya kilomita kwenda kuvuta hewa safi, na kwa kipimo hiki kimoja anavuta ileile aliyoiacha nyumbani.

Ufumbuzi unaanza na jambo moja ambalo watu wengi hawaambiwi: ozoni haitoki kwenye bomba lolote. Hakuna gari wala kiwanda kinachoitoa kwa kiasi cha kuhesabika. Hupikwa njiani, hewani, juani, na huchukua saa kadhaa kuiva. Ikifika kilele cha wingi wake, upepo umeshaiondoa pale viungo vyake vilipotoka.

Gesi moja, mahali pawili

Ozoni ni oksijeni yenye atomi tatu badala ya mbili. Sehemu yake kubwa iko juu sana, kati ya kilomita 15 na 35 kutoka ardhini, ambako inazuia miale ya urujuanimno isitufikie. Hiyo ndiyo inayozungumzwa watu wanapotaja tundu la ozoni. Ile ya chini, tunayoivuta, ni gesi hiyohiyo kikemia, lakini atomi ya tatu haijatulia: inajitenga upesi na kushambulia inachokikuta, kiwe mpira wa tairi, jani la mchicha au utando laini wa mapafu.

Mkemia Christian Friedrich Schönbein aliitambua mjini Basel mwaka 1839 kwa harufu yake kali, ile inayosikika karibu na mashine ya fotokopi iliyofanya kazi muda mrefu au baada ya radi kupiga karibu. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 iliaminika kuwa dawa. Hoteli za pwani na za milimani huko Ulaya na Marekani zilijinadi kwa wagonjwa kwamba hewa yao imejaa ozoni. New York bado ina mtaa unaoitwa Ozone Park, jina lililobuniwa miaka ya 1880 kuwavutia wanunuzi wa viwanja. Madalali ni walewale, karne yoyote.

Aliyefumbua chanzo cha ozoni ya chini alikuwa Mholanzi, Arie Haagen-Smit, mwanakemia wa chuo cha Caltech aliyekuwa akichunguza kinachoipa nanasi harufu yake. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Los Angeles ilikuwa na ukungu wa ajabu uliochoma macho, ukapasua mipira ya magari na kubabua mboga mashambani. Wengi walidhani ni moshi wa kawaida wa viwanda. Mapema katika miaka ya 1950 Haagen-Smit alionyesha kwamba mvuke wa petroli ukichanganywa na oksidi za nitrojeni kisha ukamulikwa, ozoni inatokea yenyewe. Sekta ya mafuta ilimpinga kwa nguvu. Alikuwa sahihi.

Injini yoyote inayowaka kwa joto kali, hasa ya dizeli, inatoa oksidi ya nitrojeni. Hewani gesi hiyo inageuka kuwa dioksidi ya nitrojeni. Jua likiipiga dioksidi, inaachia atomi moja ya oksijeni, na atomi hiyo inajishika na oksijeni ya kawaida: ozoni imezaliwa. Lakini oksidi ya nitrojeni iliyobaki nyuma inaimeza ozoni hiyo mara moja na kurudi kuwa dioksidi. Mambo yangeishia hapo, ozoni ikizaliwa na kufa papo kwa papo, kama kusingekuwa na kiungo cha pili, yaani mivuke ya kaboni: ya petroli, rangi, viyeyusho, visima vya gesi na hata miti. Mivuke hii ikivunjika juani, inaigeuza oksidi kuwa dioksidi bila kuitumia ozoni. Mlaji anapata chakula kingine, ozoni inabaki na kurundikana.

Shika neno hilo, mlaji. Moshi mbichi unaotoka kwenye bomba la gari ni mla ozoni. Pembeni mwa barabara kuu yenye malori ozoni huwa kidogo kuliko mita mia chache kutoka hapo. Hewa ya jiji ina viungo vya kuitengeneza na pia ina kinachoiua. Hewa ya mlimani haina muuaji huyo.

Njia ya kupanda

Kupanda kwenyewe kunafanywa na mlima. Asubuhi jua linapopiga miteremko, ardhi inapata joto kabla ya hewa iliyo mbali nayo, hewa inayoigusa inakuwa nyepesi na kuanza kukwea. Kufikia mchana kila korongo ni njia ya upepo unaopanda, ukivuta hewa ya bondeni pamoja na vyote vilivyomo. Los Angeles inaongezewa na upepo wa bahari: unaingia kutoka Pasifiki, unasomba moshi wa asubuhi kuelekea mashariki, na baada ya karibu kilomita mia moja za jua kali unakutana na ukuta wa San Bernardino. Crestline iko ukingoni hasa pa ukuta huo.

Kaskazini zaidi, kisa hichohicho kinarudiwa kwa ukubwa wa kutisha. Bonde la San Joaquin limelala katikati ya vilima vya pwani na safu ya Sierra Nevada. Hewa inaingia kupitia upande wa ghuba ya San Francisco, inateremka kusini, kisha inakwama kwenye milima ya Tehachapi inayoufunga mwisho wa bonde. Njiani inapita juu ya barabara mbili zenye malori mengi mno, visima vya mafuta vya wilaya ya Kern, na mazizi makubwa ya ng'ombe wa maziwa. Saileji ya ng'ombe hao, yaani malisho mabichi yaliyovundikwa, inapochacha, hutoa mivuke ya alkoholi inayoingia kwenye mchanganyiko huo. Mtu asiyejua angedhani shamba la maziwa na jua la California ni picha ya afya. Serikali ya Marekani imeliweka bonde hili katika daraja la mwisho kabisa la ukiukaji wa kiwango cha ozoni, daraja linaloitwa kwa neno lenye maana ya kupindukia.

Na anayepokea ni Hifadhi ya Taifa ya Sequoia, yenye miti mikubwa kuliko yote duniani kwa ujazo. Wakati wa kiangazi hifadhi hutoa tahadhari za ozoni kwa wageni na wafanyakazi wake. Miti mikubwa yenyewe inavumilia vizuri. Miche yake michanga ndiyo iliyoonyesha madoa ilipopewa ozoni nyingi katika majaribio, na misonobari inayoizunguka ndiyo inayoumia zaidi.

Hadi hapa ni rahisi: jiji linachafua, upepo unabeba. Kinachoifanya milima iwe na hesabu yake yenyewe ni usiku.

Chukua Fresno, jiji lililo sakafuni mwa bonde. Jua likizama, ozoni mpya haitengenezwi tena. Ardhi inapoa, hewa baridi inatulia chini na juu yake kunakaa hewa yenye joto zaidi, na tabaka hizo mbili hazichanganyiki. Ndani ya hewa hiyo ya chini magari yanaendelea kutoa oksidi inayokula ozoni, nayo kuta, udongo na majani vinaimaliza iliyobaki. Alfajiri kipimo kinaweza kuwa kimeanguka karibu na sifuri. Mapafu ya watu wa bondeni yanapata mapumziko ya saa kadhaa.

Juu ya tabaka hilo la baridi, ozoni ya jana bado ipo. Haigusi ardhi wala moshi mbichi, basi inakaa tu. Miteremko ya mlima inajichomeka humohumo. Hewa iliyopoa inapoteremka makorongoni usiku, nafasi yake inachukuliwa na hiyo iliyo juu, yenye ozoni. Ukichora mstari wa ozoni ya Fresno kwa saa 24, unapata kilima kirefu mchana na shimo usiku. Ukiuchora wa kituo kilicho juu ukingoni, unapata mstari karibu wa bapa. Kilele chake pengine ni cha chini kuliko cha bondeni, lakini hakuna shimo. Mti uliosimama pale unaipokea ozoni mchana na usiku, Mei hadi Oktoba, na mti hauwezi kwenda kulala nyumba ya jirani.

Hapa kuna mtego wa vipimo unaofaa kutajwa. Sheria ya Marekani inahesabu wastani wa saa nane zilizo mbaya zaidi za siku: tangu 2015 kikomo ni molekuli 70 za ozoni katika kila bilioni ya molekuli za hewa. Mlima unaweza kukaa kwenye 60 usiku na mchana, ukafaulu mtihani huo, na bado ukapata dozi kubwa kuliko jiji lililogusa 75 kwa muda mfupi. Shirika la Afya Duniani nalo linahesabu kwa uzito, mikrogramu 100 katika mita moja ya ujazo, ambazo kwenye usawa wa bahari ni karibu 50 kwa bilioni. Kwenye mwinuko wa mita 3,000 hewa ni nyembamba, hivyo 50 ileile kwa bilioni ina uzito pungufu kwa karibu robo. Ukiona takwimu mbili za milimani zisizopatana, angalia kwanza kipimo kabla ya kumshuku aliyeandika.

Ugonjwa usio na jina

Mapema katika miaka ya 1950 wasimamizi wa misitu ya San Bernardino waliona misonobari aina ya ponderosa ikigeuka manjano. Majani yake ya sindano yalikuwa na madoadoa yasiyo na mpaka wazi, yakidondoka kabla ya wakati, hadi mti ambao ungebeba sindano za miaka kadhaa unabaki na za mwaka mmoja au miwili, ukionekana kama umenyolewa. Walitafuta kuvu, wadudu, virusi, ukame. Kila kisababishi kilikuwa na kasoro. Wakauita ugonjwa X.

Mwaka 1963 Paul Miller na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la moja kwa moja: waliipulizia misonobari ozoni kwa vipimo, na madoa yaleyale yakatokea. Ozoni huingia kupitia stomata, vile vitundu vidogo ambavyo jani huvitumia kuvuta kabonidioksidi. Ikishaingia inachoma utando wa seli na kuharibu klorofili. Mti unapunguza chakula unachojitengenezea, na cha kwanza kukatiwa mgao ni mizizi. Baadaye unakuja ukame, kisha mbawakawa wa magome, ambao kwa kawaida msonobari wenye nguvu huwazamisha kwa utomvu. Mti ulionyong'onyea utomvu wake hautoshi. Cheti cha kifo kinaandikwa mbawakawa.

Hii ndiyo sehemu ya hadithi inayoniudhi kuliko zote, kwa kuwa ni rahisi sana kwa mchafuzi kujificha. Ozoni haiachi mzoga wenye alama yake. Inadhoofisha, na wengine wanamalizia. Ndani ya msitu uleule, msonobari mmoja unakuwa wa manjano na wa jirani yake wa kijani kibichi, kwa sababu ya tofauti za kurithi tu, na anayetaka kubisha atakuonyesha ule wa kijani. Pia moshi uleule unaoleta ozoni unaangusha nitrojeni ardhini, ambayo ni mbolea. Kwa hiyo mti unaweza kurefuka juu huku mizizi ikisinyaa chini. Kwa macho unastawi.

Miti nayo ina mchango wake kwenye kosa, na hapa lazima tuwe wakweli. Mialoni hutoa isoprini, misonobari hutoa tapini, na vyote viwili ni mivuke ya kaboni ya kutosha kusaidia kutengeneza ozoni siku ya joto. Ronald Reagan, akigombea urais mwaka 1980, aliligeuza jambo hili kuwa hoja kwamba miti ni mchafuzi mkubwa kuliko magari. Wanafunzi wa California wakamjibu kwa kutundika juu ya mti bango lililoomba mti huo ukatwe kabla haujaua tena. Kosa lake la kikemia lilikuwa kusahau kiungo cha kwanza: mivuke ya mti bila oksidi za nitrojeni haifiki popote. Msitu ulikuwepo miaka maelfu bila ukungu wa Los Angeles. La kushangaza ni kwamba Reagan huyohuyo, alipokuwa gavana, ndiye aliyemteua Haagen-Smit kuwa mwenyekiti wa kwanza wa bodi ya hewa ya California mwaka 1968, bodi iliyokuja kuyabana magari kuliko serikali nyingi duniani.

Kwa binadamu ushahidi mzuri wa milimani unatoka upande mwingine wa Marekani, Mount Washington huko New Hampshire, mita 1,917. Katika viangazi vya 1991 na 1992 watafiti waliwapima pumzi wapanda mlima 530 kabla ya kupanda na baada ya kushuka. Walipima kiasi cha hewa mtu anachoweza kukipuliza kwa nguvu katika sekunde ya kwanza. Kwa kila ongezeko la ozoni la 50 kwa bilioni, kiasi hicho kilipungua kwa asilimia 2.6, na kwa wenye historia ya pumu au kukorota kifua upungufu ulikuwa karibu mara nne. Wastani wa ozoni siku hizo ulikuwa 40 tu, chini kabisa ya kikomo cha sheria. Sababu ni wazi ukifikiria kazi ya kupanda: mtu anayekwea kwa saa nane anavuta hewa mara kadhaa zaidi ya aliyekaa kitini, tena kwa mdomo, bila pua kuchuja chochote.

Theluji inapofanya kazi ya kiangazi

Kwa miaka mingi ozoni ilihesabiwa kuwa tatizo la joto. Halafu mwaka 2005, huko Wyoming, karibu na mashamba ya gesi ya Pinedale, vipimo vikaruka juu katikati ya majira ya baridi. Baadaye kidogo likafuata bonde la Uinta, kaskazini mashariki mwa Utah, lenye maelfu ya visima vya mafuta na gesi na watu wachache. Kuna siku za Januari na Februari ambapo ozoni huko ilivuka 100 kwa bilioni, halijoto ikiwa chini ya sifuri.

Theluji inafanya kazi mbili. Inaipoza ardhi hadi hewa baridi inanaswa bondeni kwa siku nyingi mfululizo, na mivuke inayovuja visimani inarundikana bila pa kutokea. Kisha weupe wake unaurudisha mwanga juu, hivyo jua lilelile linaipiga hewa mara mbili. Watafiti walipata bahati ya kulinganisha: majira ya baridi ya 2012 yalikosa theluji na ozoni haikupanda, 2013 theluji ikajaa, na ozoni ikajaa nayo. Visima vilikuwa vilevile.

Kwa Uinta hesabu ya juu na chini inapinduka. Uchafu uko sakafuni, na anayepanda mlima anatoka nje yake. Mwaka 2018 serikali ilipotangaza eneo lililokiuka kiwango, iliupima mpaka wake kwa mwinuko: ardhi yote iliyo chini ya futi 6,250, yaani karibu mita 1,905. Ramani ya uchafuzi iliyochorwa kwa mstari wa mwinuko ni kitu adimu, na ni ya haki, kwa kuwa unafuata hewa badala ya kufuata wilaya.

Ndiyo maana siwaamini wanaosema "milimani" kana kwamba ni mahali pamoja. Ukingo unaoelekea jiji, kilele kilicho peke yake na bonde lililozungukwa ni hali tatu tofauti. Mexico City ni hali ya nne: jiji lenyewe limekaa kwenye bakuli la mita 2,240, ambako jua ni kali zaidi kwa wembamba wa hewa, na misonobari na miberoshi ya vilima vya jirani imekuwa ikidhoofika kwa miongo.

Vilele virefu vina mgeni mwingine pia. Majira ya kuchipua, mikanda ya hewa kutoka kwenye tabaka la ozoni la juu hushuka mara chache hadi kugusa milima ya magharibi mwa Marekani. Hutambulika kwa kuwa ni kavu mno na haina moshi. Kituo cha Mount Bachelor huko Oregon, karibu mita 2,760, kimekuwa kikipima tangu 2004 na kimenasa pia uchafu uliovuka Pasifiki kutoka Asia. Ni ya kweli haya, na sheria inaruhusu siku za namna hiyo ziondolewe kwenye hesabu. Lakini yametumiwa mno kama kisingizio. Hewa hiyo ya juu hushuka zaidi Aprili na Mei. Crestline inaumia Julai na Agosti, mchana, baada ya upepo wa bahari. Ratiba yenyewe inamtaja mhusika.

Kupunguza nini, na kwa faida ya nani

Kwa kuwa oksidi za nitrojeni hutengeneza ozoni na pia huila, kuzipunguza kuna matokeo mawili. Los Angeles iligundua hili kupitia wikendi: Jumapili malori ya dizeli ni machache, oksidi zinapungua, na kwa miaka mingi ozoni ya jijini ilikuwa inapanda siku hiyo. Mlaji alikuwa amepumzika. Wapo waliosema basi malori yaachwe yaendelee kama kawaida.

Ukiwa mlimani hoja hiyo haina mashiko. Hewa inayofika huko imeshazeeka, mivuke ya kaboni imejaa tele pamoja na ile ya miti, na kinachokosekana ili ozoni zaidi itengenezwe ni oksidi za nitrojeni tu. Punguza malori na ozoni ya mlimani inashuka, hata kama ya katikati ya jiji inapanda kwa muda. California ilibana mivuke na oksidi pamoja, kuanzia mabomba ya magari miaka ya 1960 na vichujio vya moshi vilivyoenea tangu 1975, na vilele vya ozoni vya eneo la Los Angeles vimeanguka kwa zaidi ya nusu tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, ingawa watu na magari wameongezeka. Kilichobaki ni kigumu, na joto linalozidi pamoja na moshi wa mioto ya misituni vinairudisha kazi nyuma.

Na huku kwetu

Afrika Mashariki ina kituo kimoja cha milimani cha kiwango cha dunia. Kiko Mlima Kenya, mita 3,678, chini ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na mpango wa uangalizi wa angahewa wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, kwa msaada wa Uswisi. Jijini Nairobi maputo yenye vipima ozoni yamekuwa yakirushwa tangu miaka ya 1990. Kwa lengo la Mlima Kenya, yaani kujua hali ya anga pana la ikweta, wanasayansi hutegemea zaidi vipimo vya usiku: mchana upepo unaopanda unaleta hewa ya misitu na mashamba ya chini. Ni kanuni ileile ya Sierra Nevada, isipokuwa huku inatumika kuukwepa uchafu wa karibu.

Viungo vya ozoni tunavyo. Malori ya dizeli, bodaboda, mkaa na kuni, uchomaji wa nyika na mashamba, jua la ikweta mwaka mzima, na mikaratusi tuliyoipanda kila mteremko, ambayo ni mtoaji hodari wa isoprini. Tunao pia walengwa: maharage ni miongoni mwa mazao yanayobabuliwa na ozoni upesi, kiasi kwamba aina fulani hupandwa kwa makusudi kama kipimo cha hewa.

Tusichokuwa nacho ni vituo mahali panapofaa. Vipima hewa vingi vya bei nafuu vinavyotundikwa majijini hupima chembechembe za vumbi na moshi, na si ozoni. Hata vikiongezewa uwezo huo, desturi ya kuvitundika kando ya barabara kubwa ingetudanganya, kwa kuwa hapo ndipo moshi mbichi unapoila ozoni. Upepo wa Nairobi kwa sehemu kubwa ya mwaka unatoka mashariki na kaskazini mashariki. Mtu mwenye kipima ozoni kimoja tu na hamu ya kujua jiji hilo linafanya nini hewani, asikifunge Uhuru Highway. Akipandishe Ngong, au Limuru kwenye mashamba ya chai, juu ya mita 2,000, na akiache kikisoma usiku na mchana.